Viti 96 vya Kwenda Lilongwe

Kutoka Nairobi hadi Lilongwe ni takriban kilomita 1,400 kwa ndege, na hakuna umati unaoigombea njia hiyo kila kukicha. Wapo watumishi wa serikali waendao vikaoni, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara wanaorudi kutoka Guangzhou na Dubai na mabegi yaliyotuna, wanafunzi, na jamaa wanaowahi msiba. Leo watajaa, kesho watakuwa wachache. Lakini kila mmoja wao anataka aikute ndege siku anayosafiri yeye, na miezi mingi kabla hajakata tiketi kuna mtu aliyekwisha kuamua ataketi ndani ya ndege gani. Akiingia akaona viti viwili kila upande wa ujia, pasipo kiti cha katikati, basi huenda ni Embraer 190 ya Kenya Airways: viti 96, vya daraja la biashara 12 na vya kawaida 84. Shirika hilo hilo lina Boeing 737-800 za viti 145 na Boeing 787 za viti 234. Nani aliamua kuwa Lilongwe ipewe 96, na aliwezaje kujua? Ufundi wa mtu huyo nauhusudu kwa muda mrefu, na naona haujapata sifa unazostahili.

Huku kwetu sifa zote huenda kwa ndege kubwa. Siku ya kupokewa kwake kuna ngoma, hotuba, na magari ya zimamoto yanayoirushia maji inapotua. Ndege ndogo nayo hupokewa, ila manung'uniko hayachelewi: mbona ndogo, mbona wenzetu wana kubwa. Nahodha wa pwani asingeelewa maneno hayo. Jahazi lake liliweza kuvuka mpaka Uarabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, lakini kuingia kwenye mkono wa bahari wenye maji haba alishusha mashua, na hakuna aliyemdhania kuwa amefilisika. Tena kwa mpangaji wa ndege, uamuzi wa ndege kubwa mara nyingi ndio mwepesi. Nairobi hadi New York, karibu kilomita 12,000, kunahitaji ndege ya masafa marefu. Mjadala unaishia hapo. Katika safari za saa moja hadi nne ndiko kila ndege inakoweza kufika, na kwa kuwa zote zinafika, kuchagua kunakuwa kazi.

Hesabu yenyewe inaanzia mahali ambapo wengi wetu hatuanzii. Sisi huuliza kiti kimoja kinagharimu kiasi gani; mpangaji huuliza kwanza safari nzima inagharimu kiasi gani, iwe ina watu au haina. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuirusha ile ya viti 145 mara moja kunagharimu 100, na kuirusha ile ya viti 96 kunagharimu 75. Ukigawa kwa viti, ndege kubwa inashinda: kiti chake ni senti 69, cha ndogo ni senti 78. Hapo ndipo mtu mwenye haraka anaponunua ndege kubwa. Sasa waingize abiria. Wakija 80, kila mmoja amebeba 1.25 ya gharama katika ndege kubwa, na katika ndogo ni senti 94. Ndege ile ile iliyokuwa rahisi kwenye karatasi imegeuka ghali uwanjani, kwa sababu viti 65 vimeruka vitupu, na kiti kitupu kikishapaa hakiuziki tena.

Je, siku wanapokuja 120? Ndege ndogo itawaacha 24. Mpangaji hodari hawasahau watu hao. Anajua kwamba baadhi yao watakubali kusafiri kesho yake, baadhi watahamia shirika jingine, na wachache hawatasafiri kabisa. Anayakadiria mafungu hayo matatu kutokana na mauzo ya miaka iliyopita, kisha anapima hasara ya siku chache za kuwaacha watu dhidi ya hasara ya siku nyingi za kurusha viti vitupu. Halafu kuna jambo linalonivutia zaidi ya yote: aliyeachwa si lazima awe yule mwenye kulipa nauli kubwa. Ukitawala vizuri uuzaji wa viti 96, wanaobaki nje ni wale waliokuwa wakitafuta nauli ya chini kabisa, na ndege inapaa imejaa watu waliolipa vizuri. Udogo wenyewe unampa muuzaji nguvu ya kusema hapana.

Kuna na suala la saa. Mtu wa Kampala mwenye kikao Nairobi saa nne asubuhi hana haja na ndege kubwa itokayo Entebbe adhuhuri. Anataka ya alfajiri ya kumwahisha na ya jioni ya kumrudisha kwake. Safari mbili za viti 96 zinamfaa kuliko moja ya viti 192, na yuko tayari kulipia nafasi hiyo ya kuchagua. Katika kituo kikuu kama Nairobi uzito wa jambo hili huongezeka, maana ndege za kutoka Bujumbura, Lusaka, Juba na Kigali hupangwa zifike kwa kukaribiana, abiria washuke, wavuke jengo, wapande nyingine. Abiria watano tu kutoka Bujumbura wanaoendelea hadi London wanaweza kuwa ndio tofauti kati ya safari yenye faida na ya hasara. Nauli yao ni ndefu, na njia pekee ya kuwapata ni kuwa na ndege inayowafikisha Nairobi kwa wakati, kila siku, hata kama njiani inabeba watu wa kujaza nusu yake.

Baada ya watu huja hewa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Kigali karibu 1,500, Eldoret inapita 2,100, na Addis Ababa inapita 2,300. Hewa ya juu ni nyepesi; injini inapata kidogo cha kuchoma na bawa linapata kidogo cha kuegemea. Jua la mchana likiongeza joto, hali inazidi. Ndege inayopaa Dar es Salaam bila taabu na uzito wake wote inaweza kulazimika Nairobi ikimbie mbali zaidi barabarani kabla ya kunyanyuka, au ipunguziwe mzigo. Kupunguza mzigo maana yake ni kuacha mafuta, shehena au watu. Ndiyo sababu kitabu cha mtengenezaji chenye picha nzuri na tarakimu za umbali hakimtoshi mpangaji wa kanda yetu. Tarakimu zile zimepigiwa usawa wa bahari na hali ya hewa ya wastani. Yeye lazima azipige upya kwa uwanja wake, saa yake na joto lake, na ndege mbili zinazofanana kwenye kitabu zinaweza kutengana sana Kigali saa nane mchana.

Mabegi nayo. Ukiwa na abiria 96 wanaotoka masokoni, kila mmoja na mabegi mawili ya kilo 23, umeshapata zaidi ya tani nne chini ya sakafu, kabla hujapakia hata boksi moja la shehena. Tumbo la ndege ndogo hupakiwa kwa mikono, begi juu ya begi. Halipokei yale makontena yanayoingia ndani ya 787. Kwa hiyo njia ya wafanyabiashara na njia ya watalii wenye mkoba mmoja zinaweza kuwa na abiria sawasawa na bado zikahitaji ndege tofauti. Anayetazama viti peke yake ataona ndege inatosha. Kisha mabegi yanabaki Nairobi, na mwenye duka Lubumbashi anangoja bidhaa zake siku tatu. Mpangaji mzuri huijua njia kwa mizigo yake kama anavyoijua kwa watu wake.

Hata ile 96 yenyewe ina siri yake ndogo. Kanuni za usalama za nchi nyingi zinadai walau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Ukiwa na viti zaidi ya 50 lakini visivyozidi 100, sheria inadai wawili. Ukiweka kiti cha 101, inadai watatu, na mshahara huo wa tatu utaulipa kila safari hadi ndege izeeke. Shirika linaweza kuweka wahudumu zaidi kwa ajili ya huduma bora, lakini linakuwa limechagua, halijashurutishwa. JetBlue ya Marekani ilipokuwa ya kwanza kurusha E190 mwaka 2005, iliweka viti 100 kamili. Ukikutana na idadi ya viti inayoonekana ya ajabu, mara nyingi kuna kanuni imejificha nyuma yake. Ada za kutua na za kuongozwa angani nazo kwa kawaida hukokotolewa kwa uzito, na E190 ya tani 50 na ushee ikilinganishwa na 737-800 ya tani 79 inaokoa pesa kila inapogusa ardhi, awe amepanda mtu au hakupanda.

Kwa safari fupi kabisa, mpangaji huenda hatua moja zaidi na kuiacha jeti yenyewe. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza mwaka 2014 kwa Boeing 737-300, na baadaye ikahamia Dash 8 Q400 za viti 78, zenye mapangaboi. Aliyetazama kwa mbali angedhani wamerudi nyuma. Lakini Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 420. Kasi ya jeti haipati mahali pa kujinyoosha. Ikimaliza kupanda imeanza kushuka, na dakika inazookoa ni kumi hivi. Q400 inakula mafuta pungufu sana katika safari ya namna hiyo, na juu ya hilo inatua Ukunda na Malindi, penye njia fupi za kurukia. Kwa uamuzi mmoja shirika likapata gharama ndogo na miji zaidi. Hilo naliona kuwa mojawapo ya maamuzi safi kabisa yaliyofanywa katika anga yetu, na sidhani kama kuna aliyelipigia ngoma.

Air Tanzania ilianzia huko huko. Q400 mbili zilipotua Dar es Salaam mwaka 2016, za viti 76 kila moja, wapo waliozibeza kwa sababu ya mapangaboi yake. Ndizo zilizolirudisha shirika mikoani. Desemba 2018 ikaja Airbus A220-300 ya viti 132, na Air Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kuirusha aina hiyo. Tayari mwaka huo huo ilikuwa imepokea Boeing 787-8 ya viti 262, na mwaka 2023 ikaongeza Boeing 737 MAX 9 ya viti 181. Ukizipanga ni 76, 132, 181, 262. Kwa macho ya mpangaji hiyo ni ngazi nzuri: njia changa inaanza na Q400, ikikua inapandishwa, na hakuna pengo kubwa mno la kurukia. Mwaka 2019 miji ya Harare na Lusaka, ambayo kila mmoja peke yake ungeweza kuiyumbisha A220, iliunganishwa katika safari moja, na abiria wa mji mmoja wakawajazia viti wa mji mwingine.

Ngazi hiyo ina bei yake, nayo si ya kudharau. Rubani wa Q400 haingii chumba cha marubani cha A220 kwa sababu tu ana leseni. Kila aina inadai mafunzo yake, mitihani yake, mafundi wake, vipuri vyake stoo. Kadiri aina zinavyoongezeka, ndivyo shirika dogo linavyogawanyika vipande visivyoweza kusaidiana. Kenya Airways ilipotumia E170 za viti 72 kando ya E190, marubani wale wale waliweza kuzirusha zote mbili, kwa kuwa mtengenezaji alizibuni kama ndugu wa tumbo moja. Faida ya namna hiyo haionekani kwenye tangazo lolote. Upande wa pili, injini za A220 zilipoonyesha matatizo duniani, Air Tanzania ilijikuta mwaka 2022 ikiegesha ndege zake za aina hiyo zikingoja injini, kama ilivyowakuta wengine hadi Ulaya. Shirika lenye ndege 40 za aina moja likiegesha mbili linajikuna tu. Lenye chache likiegesha mbili, ratiba nzima inavunjika, na ngazi iliyokuwa nzuri imepoteza kidaraja cha kati. Mpangaji wa shirika dogo anapaswa kuhesabu ndege ambazo hazitaruka pamoja na zile zitakazoruka.

Uganda Airlines iliporudi angani Agosti 2019 ilichagua CRJ900 nne za viti 76, na safari yake ya kwanza ya abiria ikaenda Nairobi. Kwa Entebbe, ambako miji mingi ya jirani iko ndani ya saa mbili, kipimo hicho kilikuwa cha busara. Mwaka uliofuata kampuni ya Mitsubishi ya Japani ikawa imenunua mradi wa CRJ kutoka Bombardier, na muda mfupi baadaye kiwanda kikaacha kutengeneza ndege mpya za aina hiyo. Zilizopo zinaendelea kuhudumiwa, ila shirika linalotaka kuongeza ya tano linajikuta sokoni kwa ndege zilizotumika.

Huko Marekani mambo huamuliwa hata na mikataba ya marubani. Mashirika makubwa yanapokodisha safari zao kwa mashirika madogo, mikataba hiyo kwa kawaida huzuia jeti isizidi viti 76 na uzito wa tani 39. Embraer ilibuni E175-E2, mpya na yenye kubana mafuta, ikazidi uzito huo, na mwaka 2022 mradi ukasimamishwa. Ndege iliyokuwa bora ilikosa njia ya kuruka kwa sababu ya tani chache.

Kompyuta zinasaidia sana. Kazi ya kugawa aina za ndege kwa safari ni ngumu kuliko inavyosikika, maana ukibadilisha ndege ya asubuhi ya Kisumu umebadilisha ya mchana ya Entebbe na ya jioni ya Zanzibar; ndege iliyolala mji fulani lazima iamkie huko. Mwaka 1994 wataalamu wa Delta Air Lines walieleza mfumo wao, Coldstart, uliogawa kila siku ndege 450 za aina 10 kwa safari zaidi ya 2,500 za ndani ya Marekani, kwa milinganyo yenye makumi ya maelfu ya vigeu na masharti. Walitarajia kuokoa dola milioni 300 katika miaka mitatu, bila kununua ndege hata moja na bila kuongeza mji hata mmoja. Fedha zote hizo zilikuwa zimelala katika kupanga tu.

Ila milinganyo hulishwa na makadirio, na makadirio yanahitaji mtu anayeijua nchi. Mfumo ulioletwa kutoka nje hautajua wenyewe kwamba Wachaga hurudi Kilimanjaro Desemba, na kwamba ndege za kwenda huko hujaa wiki ya kabla ya Krismasi ilhali zinarudi Dar es Salaam na nafasi tele. Kisha baada ya mwaka mpya mambo hupinduka. Haujui Idi itaangukia juma gani na itafanya nini kwa safari za Zanzibar, wala kwamba Bunge likikaa Dodoma, hasa kikao cha bajeti cha Aprili hadi Juni, njia fupi tulivu inageuka ya kugombewa, kwa siku maalumu na saa maalumu, na watu ambao wengi wao hawalipi kutoka mfukoni mwao. Mpangaji wa Dar es Salaam huyajua haya jinsi mkulima anavyoyajua mawingu. Anaipandisha Kilimanjaro ndege ya viti 181 kwa siku kumi, anaishusha tena hadi 76 Februari, na abiria hatambui kuwa kuna mkono uliogusa chochote.

Sasa Dodoma inamletea mtihani ambao ningetamani kukaa mezani nao. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inafika huko kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Nairobi na Mombasa walipitia hali ya kufanana nayo tangu treni yao ilipoanza mwaka 2017. Wakati huo huo Msalato, nje kidogo ya jiji, panajengwa uwanja mpya wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, inayoweza kupokea ndege kubwa zaidi ya zile zinazotua Dodoma leo. Treni inavuta abiria chini, uwanja unaita ndege kubwa juu. Kishawishi cha kupeleka viti 181 kwa kuwa barabara sasa inaruhusu kitakuwa kikubwa, na kutakuwa na wa kupiga picha siku ya kwanza. Mpangaji atauliza ni nani hao ambao treni haitawachukua: waziri anayetakiwa Dar es Salaam mchana na kurudi jioni, mgeni aliyetua alfajiri na ndege ya kimataifa na hana muda wa kwenda stesheni, mgonjwa. Hao ni wachache, wanajali saa kuliko nauli, na wanatoka kwa vipindi tofauti vya siku. Sitashangaa akiwapa ndege ya viti 76 asubuhi, nyingine adhuhuri na nyingine jioni, kwenye njia ya mita 3,600 ambayo Q400 haitaihitaji hata nusu yake.